Muda wa Kungoja: Wahusika na Mwendo katika Riwaya za Mfululizo tangu 1836

Mhakiki wa riwaya ya Kiswahili amezoea kukishika kitabu kizima mkononi. Hukisoma tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, akarudi nyuma anapopenda, kisha akakaa kupima: msuko umeshikana au umelegea, wahusika wamekua au wamebaki pale pale, mwendo ni wa haraka au wa kujikokota. Vipimo hivi ni vizuri, na makala haya hayakusudii kuvitupa. Lakini ni vipimo vya kitabu kilichojalidiwa, ilhali riwaya nyingi hazikusomwa kwanza katika hali hiyo. Zilisomwa kipande kwa kipande, kwa mwezi, kwa juma au kwa siku, na baina ya kipande na kipande palikuwa na muda ambao msomaji hakuwa na la kufanya ila kungoja. Rai yetu ni kwamba muda huo ni sehemu ya riwaya yenyewe, na kwamba mambo mawili wanayoyapenda mno wasomaji wa riwaya hizo, yaani wahusika wake na mwendo wake, hayafahamiki sawasawa mpaka muda huo utiwe katika hesabu.

Jambo hili latuhusu sisi walimu wa Kiswahili moja kwa moja. Hadithi za mfululizo zimechapishwa katika magazeti ya Kiswahili kwa miaka mingi, na siku hizi husomwa katika simu na watu ambao hawajapata kuingia katika duka la vitabu. Katika idara zetu huwekwa katika fungu la riwaya pendwa, na jina hilo aghalabu hutamkwa kwa sauti ya kusamehe. Husemwa kwamba wahusika wake ni bapa, kwamba masimulizi yake hujirudia, kwamba kila sehemu hukatwa ghafula ili kumvuta mnunuzi. Hayo yote ni kweli. Swali ni kama ni makosa, na kama ni makosa, ni makosa kwa kipimo cha nani.

Yafaa kuanza na mwaka 1836. Mwishoni mwa mwezi Machi mwaka huo kampuni ya Chapman and Hall ya London ilitoa kijitabu cha kwanza cha The Pickwick Papers. Mpango wa asili ulikuwa mdogo: mchoraji Robert Seymour achore picha za kuchekesha za waungwana wa mjini wanaojitia uwindaji, na kijana wa miaka 24, Charles Dickens, aandike maneno ya kuzisindikiza. Seymour alijiua mwezi Aprili, kabla toleo la pili halijatoka, na tangu hapo maneno yakatangulia na picha zikafuata. Kila mwezi msomaji alilipa shilingi moja. Riwaya ya kawaida ya siku zile, katika majuzuu matatu, iliuzwa kwa shilingi 31 na nusu, fedha ambazo karani wa ofisini hakuwa nazo. Pickwick nzima, sehemu 20, ilimgharimu shilingi 20, na hakutakiwa kuzitoa kwa mkupuo.

Mwanzoni haikununuliwa sana. Nakala za toleo la kwanza zilikuwa 1,000 hivi. Kufikia mwisho, Novemba 1837, kila toleo lilikuwa likichapwa nakala 40,000 hivi. Mauzo yalianza kupanda katika toleo la nne, nalo ndilo lililomleta Sam Weller. Huyu ni kijana wa kupiga viatu rangi katika nyumba ya wageni ya London. Husema Kiingereza cha mitaani, hubadilisha v kuwa w, na ana desturi ya kulisema jambo kisha kulifananisha na maneno ya mtu fulani aliyefikwa na balaa la kuchekesha. Desturi hiyo haimwachi. Anaingia nayo, anaajiriwa nayo na Bwana Pickwick, anamfuata nayo mpaka gerezani, na anamaliza nayo. Mwanafunzi wetu akipewa Sam Weller leo katika mtihani atasema bila kusita kwamba ni mhusika bapa, na mtahini atampa alama zake.

Istilahi hiyo yatokana na E. M. Forster, aliyewagawa wahusika kuwa bapa na duara katika mihadhara aliyoitoa Cambridge na kuichapisha mwaka 1927. Wengi wetu tumeifundisha. Jambo linalosahauliwa ni kwamba Forster mwenyewe alitatizwa na Dickens: alikiri kwamba karibu wahusika wote wa mwandishi huyo ni bapa, na hata hivyo wana uhai wa kibinadamu usioelezeka kwa urahisi. Forster alikuwa akisoma vitabu vizima. Tukiurudisha muda wa kungoja mahali pake, tatizo lake hupungua. Msomaji wa 1836 alitakiwa ambebe Sam Weller kichwani kwa siku thelathini, katikati ya kazi yake, madeni yake na wagonjwa wake wa nyumbani. Kinachobebeka kwa muda kama huo si nafsi yenye mikunjo saba. Ni alama: namna ya kusema, kofia, kikohozi, neno moja linalorudiwa. Alama ikionekana tena, msomaji hatakiwi kukumbushwa. Anamtambua mtu wake kama umtambuavyo jirani kwa mwendo wake gizani. Wasomaji wa Kiswahili wanalijua jambo hili kutokana na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, ambaye kiko chake kimekwenda naye kutoka kitabu hadi kitabu tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960. Hakuna aliyetamani Bwana Msa aache kuvuta kiko ili akue kitabia.

Tena, mhusika wa namna hii hajakosa kukua. Hukua katika mazungumzo ya wasomaji. Katika siku thelathini hizo watu hubishana juu yake, humwiga, humkisia atakachofanya. Nilipokuwa nikisomea shahada ya pili ng'ambo, mwalimu wetu alitugawia riwaya moja ya Dickens kwa sehemu zake za asili, sehemu moja kila juma, na akatukataza kutangulia. Katika juma la tano darasa zima lilikuwa likimsema mmoja wa wahusika chakulani kana kwamba ni mpangaji mwenzetu. Kitabu hicho hicho nilikuwa nimekisoma nyumbani kwa siku mbili, na sikumkumbuka mhusika yule hata kwa jina.

Kuna jambo la pili ambalo kungoja pekee ndiko kunakolileta, nalo ni imani kwamba mwisho haujaandikwa. Dickens alipokuwa akitoa The Old Curiosity Shop kwa juma, mwaka 1840 na 1841, na wasomaji wakahisi kwamba msichana Nell anaelekea kufa, walimpelekea mwandishi barua za kumsihi amhurumie. Nell alikufa. Lakini zile barua si upumbavu, kama wahakiki wa baadaye walivyopenda kuzicheka. Asomaye kitabu kilichojalidiwa anajua kwamba hatima iko katika kurasa za mwisho, hata kama hajaifikia. Asomaye mfululizo anajua kwamba mwandishi bado ana kalamu mkononi, na kwa hiyo kuna haja ya kusema naye. Hata mwandishi akinyamaza, msomaji hutafuta sababu: baada ya shemeji yake Mary Hogarth kufa mwezi Mei 1837, Dickens hakuweza kuandika na toleo moja la Pickwick halikutoka, na uvumi ulioenea juu yake ulikuwa wa ajabu kiasi cha kumlazimisha aukanushe katika toleo lililofuata.

Tukija kwenye mwendo, tuvuke bahari kwenda Paris, maana huko ndiko mwendo wa mfululizo ulikogeuka kuwa suala la kila siku. Tarehe 1 Julai 1836 Émile de Girardin alianzisha gazeti la La Presse kwa ada ya faranga 40 kwa mwaka, nusu ya ada ya magazeti mengine. Nusu iliyopungua ilitakiwa itoke katika matangazo ya biashara, na matangazo yalihitaji wasomaji wengi wasiokimbia. Riwaya ikawekwa chini ya ukurasa ili kuwashika. Mwaka huo huo La Presse ilitoa La Vieille Fille ya Balzac kwa mfululizo, na baada ya miaka michache magazeti makubwa ya Ufaransa yalikuwa yakigombania waandishi. Mwaka 1844 Le Constitutionnel ilimlipa Eugène Sue faranga 100,000 kwa riwaya moja.

Tofauti ya London na Paris yapasa kuangaliwa kwa makini, kwani wahakiki wengi huzungumza juu ya mfululizo kana kwamba ni kitu kimoja. Toleo la mwezi la Dickens lilikuwa na kurasa 32. Katika nafasi hiyo mwandishi aliweza kuchekesha, kuhuzunisha na kumpumzisha msomaji, na toleo likaisha likiwa limeshiba. Kipande cha gazeti la kila siku hakina nafasi hiyo. Kikianza, msomaji anataka kuona jambo likitendeka. Kikiisha, lazima jambo jingine liwe limening'inia. Malipo nayo yalisukuma kalamu. Alexandre Dumas alilipwa kwa mstari, na kuna kisa kinachosimuliwa, yumkini kimetiwa chumvi, kwamba Grimaud, yule mtumishi wa Athos katika Les Trois Mousquetaires asemaye kwa neno moja moja, alizaliwa ili kuijaza mistari kwa majibu mafupi. Kiwe kweli kisiwe kweli, mazungumzo ya haraka ya Dumas, neno kwa neno kama mchezo wa mpira wa meza, ndiyo yanayopendwa hadi leo na watu wasiojua lolote juu ya mkataba wake. Kilichoanza kwa hesabu ya fedha kilikuwa mtindo.

Sue ndiye anayeonyesha nguvu ya utaratibu huu. Les Mystères de Paris ilitoka katika Journal des Débats kuanzia Juni 1842 hadi Oktoba 1843. Ilianza kama hadithi ya wezi na makahaba wa mjini, ikisimuliwa kwa watu wenye nafasi. Barua zikaanza kumfikia kwa mamia, nyingine kutoka kwa mafundi na maskini walioona kwamba mtu anaeleza maisha yao, na kadiri zilivyokuja riwaya iligeuza uso: ikawa na kurasa ndefu juu ya magereza, riba na mishahara ya wanawake. Karl Marx aliishambulia vikali katika kitabu cha mwaka 1845, akaona kwamba huruma ya Sue haitikisi kitu. Serikali haikuona hivyo. Mwaka 1850 Sue alichaguliwa kuwa mbunge wa Paris, na mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya kulitoza gazeti lolote lenye riwaya ya mfululizo senti moja kwa kila nakala. Ni nadra kuona msuko wa hadithi ukitozwa kodi.

Kuhusu kule kukata hadithi penye utamu, hatuna haja ya kwenda Paris kujifunza. Shahrazad wa Alfu Lela u Lela tunamjua, na wazee wetu walimjua kabla yetu: asubuhi humkuta katikati ya kisa, naye hunyamaza. Ila kuna jambo dogo katika historia ya hadithi hizo ambalo latufaa hapa. Antoine Galland, aliyezifasiri kwa Kifaransa kuanzia mwaka 1704, alianza kwa kuuhifadhi mgawanyo wa usiku na maneno yanayorudiwa kila kunapokucha. Katika majuzuu ya baadaye aliuacha, kwa kuwa wasomaji walichoshwa nao. Wasomaji wa kitabu hawakuwa wakingoja usiku wa pili. Usiku wa pili ulikuwa katika ukurasa uo huo. Mkato ule ule unaomfurahisha anayengoja humuudhi asiyengoja.

Karne ya ishirini ilipofika kati, Hong Kong ilikuwa mahali ambapo fani hii ilistawi kuliko pengine popote. Zha Liangyong, ajulikanaye kwa jina la Jin Yong, alianza riwaya yake ya kwanza gazetini mwaka 1955, na mwaka 1959 akashiriki kuanzisha gazeti lake, Ming Pao, ambalo katika miaka yake migumu lilisimama kwa kiasi kikubwa juu ya riwaya zake. Kila siku palikuwa na kipande cha herufi elfu moja hivi. Katika riwaya yake ya 1957 hadi 1959 juu ya Guo Jing, shujaa ni kijana mzito wa kuelewa, mwaminifu, asiye na ulimi. Bwana mmoja mlafi, Hong Qigong, anamfundisha mapigo yake makuu pigo kwa pigo, kwa sababu msichana Huang Rong anampikia chakula kitamu kila siku na mzee hataki kuondoka mezani. Mpangilio huu umewiana vyema na gazeti: msomaji anapata kidogo kila siku, na shujaa anajifunza kidogo kila siku. Wepesi wa Huang Rong unazuia uzito wa Guo Jing usichoshe. Ukiisoma kwa mkupuo sehemu hiyo ni ndefu. Ukiisoma kwa siku, ni kama kufuatana na mtu chuoni.

Mwaka 1965 Jin Yong alisafiri kwenda Ulaya riwaya yake Tian Long Ba Bu ikiwa njiani, na akamwomba mwandishi mwenzake Ni Kuang amshikie kalamu. Ni Kuang hakumpenda msichana mmoja katika riwaya ile, Ah Zi, mjeuri na mkatili. Basi akampofusha. Jin Yong aliporudi alikuta mhusika wake hana macho, na wasomaji walikwisha kusoma hivyo. Hakuweza kufuta yaliyokwisha kununuliwa. Ikambidi ajenge juu ya msiba huo: You Tanzhi, anayempenda Ah Zi bila kupendwa, anampa macho yake mwenyewe, na mwisho wa riwaya Ah Zi anayang'oa macho hayo ya kupewa. Sehemu hii ni miongoni mwa zinazokumbukwa mno katika riwaya nzima. Nadharia ya msuko tunayoifundisha, isemayo kwamba kila tukio lapasa kuwa limekusudiwa tangu mwanzo, haina mahali pa kuliweka tukio la namna hii.

Mfululizo wa Kichina ulihamia katika intaneti mwanzoni mwa karne hii. Mtandao wa Qidian ulianzishwa mwaka 2002, na mwaka 2003 ukaanza kuuza sura moja moja: za mwanzo bure, zilizobaki kwa senti chache. Hapa tunamwona Girardin amerudi, ila sasa mnunuzi haamui kwa mwaka; anaamua kwa kila sura. Msomaji ana msamiati wake wa kuhakiki, na msamiati huo una thamani kuliko dharau tunayoupa. Sura isiyosogeza jambo huitwa iliyotiwa maji. Riwaya iliyoachwa bila kumalizwa huitwa shimo, na mwandishi wake ni mtu aliyechimba asifukie. Hivi ni vipimo vya mwendo, na vimetungwa na watu wanaongoja.

Chukua Doupo Cangqiong ya Tiancan Tudou, iliyotoka Qidian mwaka 2009 hadi 2011 katika sura zaidi ya 1,600. Xiao Yan alikuwa kijana wa ajabu utotoni, kisha nguvu zikamtoka. Mchumba wake Nalan Yanran anakuja mbele ya ukoo mzima kuvunja uchumba, naye Xiao Yan anaweka miadi: baada ya miaka mitatu watapambana. Miadi hiyo ndiyo inayoubeba mwendo wa mamia ya sura. Msomaji anajua tarehe, anajua daraja ambalo shujaa hana budi kulifikia, na anaweza kuhesabu umbali uliobaki. Ngazi za nguvu, ambazo mgeni huziona kuwa orodha ya kitoto, ni kalenda. Humwezesha mtu aliyesoma kurasa nne ndani ya basi ajue yuko wapi katika safari ya miaka miwili. Kwa upande wa tabia, Xiao Yan hana mengi: amedharauliwa, hasahau, hulipa wema na ubaya. Lakini ni nani ambaye hajapata kudharauliwa mbele ya watu? Nakiri kwamba nusu ya pili ya riwaya ina maji mengi, na wasomaji wake nao wamelisema hilo.

Sasa turudi nyumbani. Magazeti ya Dar es Salaam ya kundi la Global Publishers, yaani Ijumaa, Uwazi na Risasi, yalijulikana kwa hadithi za mfululizo za Eric Shigongo, ambaye alikuwa mwandishi na mwenye gazeti kwa pamoja, kama Jin Yong alivyokuwa Ming Pao. Fani ya hadithi za namna hii katika magazeti yetu ina viungo ambavyo hakuna kitabu chetu cha nadharia kinachovitaja. Juu husimama neno ILIPOISHIA na aya moja ya kukumbusha. Kisha SASA ENDELEA. Na chini, ITAENDELEA. Mhakiki akivikuta viungo hivi huviruka, kama arukavyo namba za kurasa. Lakini aya ya ILIPOISHIA ni kazi ya sanaa ya aina yake. Haisimulii yote yaliyopita, huchagua. Ndiyo inayoamua msomaji aingie katika sehemu mpya akiwa na hofu au na hasira, akimhurumia mke au akimshuku. Humtambulisha tena mhusika kwa alama yake, katika maneno ishirini, kwa mtu ambaye gazeti la juma lililopita alilisoma kwa jirani au hakulisoma kabisa. Usimulizi wetu wa mdomo una jambo kama hilo, pale msimulizi anaporudi usiku wa pili na kuuliza tuliachia wapi, na watoto wakajibu kwa pamoja.

Hadithi hizo zinapojalidiwa, viungo hivyo hukatwa na vipande huunganishwa. Kinachobaki ni riwaya yenye mikato isiyo na sababu, wahusika wanaotajwa upya kila baada ya kurasa tano, na matukio yanayorukia mengine. Hiyo ndiyo nakala tunayoipeleka darasani, na juu ya hiyo ndipo tunapotoa hukumu. Nakala ya gazeti, yenye tarehe, imekwisha kufungia maandazi. Sijui maktaba nyingi za vyuo vyetu zilizohifadhi magazeti ya burudani kwa ukamilifu unaomwezesha mtafiti kuifuata hadithi moja juma kwa juma.

Jin Yong alimaliza riwaya yake ya mwisho mwaka 1972, kisha akatumia miaka mingi kuzisahihisha zote. Aliviondoa vipande vya Ni Kuang, lakini upofu wa Ah Zi hakuweza kuuondoa. Mwaka 1999 alianza kusahihisha kwa mara nyingine, na katika toleo hilo jipya la Tian Long Ba Bu, Wang Yuyan, ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini wasomaji walimjua kuwa ameolewa na Duan Yu, anamwacha na kurudi kwa binamu yake. Mwandishi alikuwa hai, kitabu kilikuwa chake, na kwa kipimo cha msuko badiliko hilo laweza kutetewa. Wasomaji wengi wa zamani walilikataa, na hata leo wapo wanaozitafuta nakala za matoleo ya awali.